Ukuta wa bafu umeinama na makaro yamekwisha nunuliwa: fundi aanzie wapi?

*Swali: Nyumba yetu iko Ndosho, hapa Goma. Ukuta wa nyuma wa bafu ni wa mawe ya volkano, upana mita 1.8 na kimo mita 2.4. Kuta nyingine ni za bloku. Tumenunua makaro meupe ya sentimita 30 kwa 60. Fundi alipoweka timazi tukakuta ule ukuta wa mawe juu umerudi nyuma sentimita 2 na nusu kuliko chini, na katikati una tumbo. Sakafu nayo haiko sawa. Yeye anasema hakuna shida: kila karo atalipachika kwa mafungu ya kole, penye bonde aongeze, penye tumbo apunguze, mwishoni yote yatanyooka. Ameshaweka mistari miwili ya chini, na nikigonga, makaro mengine yanalia kama ngoma. Mume wangu anasema tumwache amalize, mimi roho inakataa. Pia kwenye kona moja kuna ufa mdogo uliotokea wakati wa matetemeko ya Mei 2021. Tufanye nini?*

Mama, roho yako imekataa kwa haki. Simamisheni kazi hapo ilipofika, kabla mstari wa tatu haujapanda. Fundi wenu ameona vizuri kwamba ukuta haukunyooka, na ni jambo jema kwamba alitoa timazi mbele yenu badala ya kuficha. Alipokosea ni kwenye dawa. Kole, ile gundi ya unga inayouzwa kwa mifuko, imetengenezwa ili ishike karo. Kunyoosha ukuta ni kazi ya plasta, yaani krepi kama mafundi wa hapa wanavyosema. Hiyo mistari miwili inayolia imeanza kuwaonyesha tofauti hiyo mapema, wakati hasara bado ni ndogo.

Swali lako limebeba mambo matatu yaliyochanganyika, na kila moja lina uzito wake. Ukuta unaweza kukosa wima: timazi inaonyesha umeegemea mbele au nyuma. Unaweza kukosa ubapa: una tumbo hapa na bonde pale. Halafu kuta mbili zinaweza kukutana bila pembe mraba. Watu wengi huogopa zaidi kukosa wima, kwa sababu timazi hulitangaza kwa sentimita kubwakubwa. Lakini karo halijui wima. Ukuta ulioegemea sentimita moja toka chini hadi juu, mradi uwe bapa, utapokea makaro vizuri na hakuna mgeni atakayegundua. Adui wa karo ni tumbo na bonde. Karo halipindi. Likiwekwa juu ya tumbo linakaa kwa kitovu chake na kucheza pande zote mbili. Likiwekwa juu ya bonde linashikwa kingoni tu na katikati kunabaki hewa. Na kadiri karo linavyokuwa refu ndivyo linavyofichua kosa. Hayo yenu ya sentimita 60 ni marefu. Makaro madogo ya sentimita 15 au 20 yangeweza kuufuata ukuta kidogo kidogo, yenu hayataweza.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinachowahusu ni cha ubapa. Tafuteni rula ya alminiamu ya mita 2, au ubao ulionyooka kweli, muuegemeze ukutani kwa wima, kwa mlalo na kwa mshazari, pande zote. Angalieni pengo linalobaki kati ya rula na ukuta. Kwa makaro ya ukubwa wenu pengo lisizidi milimita 3. Kwa makaro madogo mtu anaweza kuvumilia hadi milimita 5. Zungushieni chaki kila tumbo na kila bonde, ili mpate ramani ya ukuta mbele ya macho yenu na mazungumzo na fundi yawe juu ya kitu kinachoonekana. Pembe ya kona ipimeni hivi: sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha umbali kati ya alama mbili. Ukiwa sentimita 100, pembe ni mraba.

Sasa tuje kwenye mafungu ya kole, maana hapa ndipo pana hatari, na nataka mume wako naye aelewe kwa nini.

Kole hufanya kazi ikiwa tabaka jembamba lililotandazwa kwa mwiko wenye meno, kisha karo likasukumwa hadi meno yale yalale na kujaza nyuma yote. Baada ya kusukuma, tabaka linalobaki ni la milimita 3 hadi 6 hivi. Mifuko mingi huandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, someni. Ikiwekwa nene, mambo mawili hutokea. Kwanza, ikiwa bado mbichi, karo linateleza chini kwa uzito wake, na ndiyo maana fundi analazimika kuchomeka misumari na vijiti chini ya kila karo. Pili, inapokauka inasinyaa. Fungu la sentimita 2 linasinyaa zaidi ya fungu la nusu sentimita lililo jirani yake nyuma ya karo lile lile, kwa hiyo karo linavutwa upande mmoja. Leo liko sawa na mwenzake, baada ya wiki kingo zimepishana.

Kisha kuna hewa iliyobaki kati ya mafungu. Bafuni, nyuma ya karo lazima kole ijae kama asilimia 95. Kwa mafungu matano haifiki nusu. Maji hupita kwenye mianya kati ya makaro, hata kama imezibwa vizuri, na yakifika kwenye hayo mapango hayana pa kutokea. Yanakaa, yanateremka nyuma ya makaro, yanatokea chini kama doa au chumvi nyeupe, au yanavuka ukuta mpaka chumba cha pili. Mawe yetu ya volkano yana vitundu vingi na yanabeba unyevu kwa urahisi, kwa hiyo ukuta wenu utayanywa. Siku mtakapotoboa ili kufunga robine au chuma cha taulo, karo lenye hewa nyuma litapasuka mbele ya mashine. Na tunaishi Goma. Ardhi ikitikisika, karo lililoshikwa nyuma yote husogea pamoja na ukuta. Lililoshikwa kwa vidonge vitano hubeba mshtuko kwenye sehemu hizo tano tu. Kama karo la juu litaanguka, litaanguka juu ya mtu anayeoga, na kingo zake zinakata.

Kuna fundi atakayesema, basi tuache kole, tupachike kwa simenti tupu iliyokorogwa nzito, ndiyo kali zaidi. Hapana. Simenti ikizidi ndivyo inavyosinyaa na kupasuka. Tena muangalie makaro yenu ni ya aina gani. Lowesheni mgongo wa karo moja: kama maji yananywewa upesi, hilo ni karo la udongo la ukutani, na wazee walilibandika kwa simenti na mchanga kwa miaka mingi baada ya kulilowesha. Kama maji yanabaki juu kama juu ya kioo, hilo ni la poselini, ambalo hunywa chini ya nusu asilimia ya uzito wake. Simenti ya kawaida haipati pa kuingiza mizizi humo, hivyo kole iliyochanganywa na dawa ya kunata inahitajika kwa lazima. Na mkitumia kole hiyo, msiloweshe makaro.

Dawa yenyewe sasa. Mistari miwili ibanduliwe. Najua inauma. Lakini karo lililopachikwa kwa mafungu hutoka kwa urahisi, na likibanduliwa mapema mengi yatapona. Kole iliyoganda mgongoni inakwanguliwa kwa patasi.

Baada ya hapo ukuta ugongwe wote kwa nyundo ndogo. Plasta ya zamani inayolia iangushwe. Palipo na tumbo, plasta ichongwe hadi karibu na jiwe, maana kila milimita mtakayoitoa kwenye tumbo ni milimita ambayo hamtaijaza kwingine. Rangi ya mafuta kama ipo ikwanguliwe. Vumbi lisafishwe kwa brashi na maji, kisha ukuta uloweshwe vizuri siku moja kabla na tena asubuhi ya kazi. Jiwe la volkano likiwa kavu hunyonya maji yote ya plasta kabla simenti haijashika, na plasta inabaki kama unga. Mafundi wengi wanaijua bloku na kuitendea jiwe kama bloku. Hapo ndipo plasta nyingi za mji huu zinapobanduka.

Kwanza unarushiwa uji mzito wa simenti moja kwa mchanga mbili, urushwe kwa mwiko uache ngozi yenye vinundu-vinundu, nao ulale usiku. Kesho yake fundi anapachika vidonge vya plasta juu na chini, anavipanga kwa timazi na kamba, anaviunganisha kuwa mikanda ya wima kila mita moja na nusu hivi, na mikanda hiyo ndiyo inayobeba rula wakati wa kukwangua. Bila mikanda, rula inafuata matumbo ya ukuta na kazi inarudi pale pale. Mchanganyiko ni simenti moja kwa mchanga minne. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, likwaruzwe likiwa bichi ili lifuatalo lishike, na tabaka la juu kamwe lisiwe kali kuliko la chini yake, kwa sababu likisinyaa kwa nguvu litaling'oa.

Mchanga nao una neno. Mchanga wenye vumbi jingi au majivu hufanya plasta isinyae na kupasuka. Jazeni nusu chupa mchanga, muongeze maji, mtikise, muache usiku kucha. Tope laini litatulia juu ya mchanga. Likifika sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, uosheni au mtafute mwingine.

Je, lazima mfike wima kamili? Kwa maoni yangu, hapana. Plasta haiwezi kuanza na unene wa karatasi. Inahitaji angalau sentimita moja pale ilipo nyembamba. Mkitaka wima kamili, juu itakuwa sentimita 3 na nusu, na plasta ya unene huo ina uzito wa kilo 70 hivi kwa kila mita ya mraba, makaro bado. Inawezekana, lakini ni matabaka matatu, na ningedai wavu wa waya uliofungwa kwa misumari hadi kwenye jiwe. Mkikubali ukuta ubaki umeegemea sentimita moja, unene wa juu unashuka hadi sentimita 2 na nusu, matabaka mawili yanatosha, na wavu unabaki wa lazima penye mabonde marefu tu. Ubapa msiusamehe, wima muusamehe sentimita moja. Kinachobaki kitaonekana konani peke yake: kipande cha karo kwenye ukuta wa pembeni kitakuwa, tuseme, sentimita 20 chini na 21 juu. Kwenye kipande kipana jicho halioni. Kingekuwa chembamba cha sentimita 3 kwa 4 kingepiga kelele. Kwa hiyo fundi apange makaro tangu mwanzo ili vipande vya kona viwe vipana, na kile kilichopinda zaidi kiangukie kona ya nyuma ya mlango.

Mume wako huenda anafikiria gharama, basi tupige hesabu. Ukuta wenu ni mita za mraba 4.32. Kole hula kama kilo moja na nusu ya unga kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kujaza nyuma yote ule mwinamo wa sentimita 2 na nusu, wastani milimita 12 na nusu, kungekula kilo 81, zaidi ya mifuko mitatu ya kilo 25, kabla ya kole ya kubandikia yenyewe. Plasta, hata mkifika wima kamili, ni kama lita 97, na simenti yake ni kilo 36 hadi 40. Haifiki mfuko mmoja wa kilo 50. Gharama ya kweli ya plasta ni siku.

Na siku hizo msizikate. Plasta inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa wiki moja ili isikauke kwa pupa, kisha iachwe. Wiki mbili tangu tabaka la mwisho ndiyo ruhusa ya chini kabisa kabla ya karo la kwanza. Kwa baridi yetu ya mita 1,500 na masika yakiwa yamekaza, wiki tatu au nne ni bora. Plasta mbichi inaendelea kusinyaa ikiwa imebeba makaro mgongoni, na hapo ndipo unasikia mlio usiku na asubuhi unakuta mianya imepasuka.

Njia nyingine zipo. Mnaweza kujenga ukuta mwembamba wa bloku za sentimita 10 mbele ya ule wa mawe, ulionyooka tangu mwanzo. Ningeuchagua kama mwinamo ungepita sentimita 5, au kama jiwe linatoa maji kutoka nje. Kwenu utakula nafasi ya bafu, na lazima ufungwe kwa vyuma kwenye ule wa zamani usije ukasimama peke yake wakati wa tetemeko. Mnaweza kubadilisha makaro mchukue madogo, kama duka litakubali katoni ambazo hazijafunguliwa. Hiyo inapunguza ukali wa ubapa ila haiondoi kazi ya plasta. Au mkaweka makaro hadi mita 2 tu kwenda juu, na sehemu ya juu ikabaki plasta laini yenye rangi ya kuvumilia maji. Hiyo ya mwisho si aibu hata kidogo.

Kuhusu sakafu, nakutoa wasiwasi: sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawa. Inatakiwa iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kosa lilikuwa kuanzishia makaro ya ukuta juu yake, kwa sababu mteremko wa sakafu unapanda na makaro hadi dari. Mstari wa kuanzia upigwe kwa nivo, yaani pima-maji, au kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, ambao haudanganyi. Tafuteni mahali sakafu ilipo chini zaidi, mpande kimo kidogo pungufu ya karo moja, mpigilie ubao ulionyooka hapo kuzunguka kuta. Makaro yaanze juu ya ubao. Mstari wa chini utakatwa mwisho kabisa, kila kipande kwa kipimo chake, ukiacha milimita chache juu ya sakafu.

Ufa wa kona haupaswi kufunikwa tu. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa na nyumba nyingi zilifunguka hasa pale ambapo vitu viwili tofauti vinakutana. Ukuta wenu wa mawe ni mzito, wa bloku ni mwepesi. Ukitikiswa kila mmoja unacheza kwa namna yake, na kona ndiyo inayolipa. Pakeni kibandiko chembamba cha simenti juu ya ufa, kiandikeni tarehe, mkiangalie kwa wiki zile mnazongojea plasta. Kisipopasuka, ufa umelala. Hata hivyo kwenye kona hiyo plasta ya kuta mbili itenganishwe kwa mkato wa mwiko, na mwanya wa makaro uzibwe kwa silikoni badala ya simenti, ili kona iweze kupumua bila kuvunja karo. Kona zote za bafu zitendewe hivyo hivyo.

Kikipasuka, au ufa ukiwa unaingiza ncha ya kidole, unaonekana upande wa pili wa ukuta, unashuka kwa ngazi-ngazi kwenye bloku, au mlango ulio karibu umeanza kukwama, acheni makaro kabisa mmuite mhandisi wa majengo aje auone kwa macho. Vilevile kama ukuta wa mawe unaendelea kuegemea: pimeni leo kwa timazi, muandike, mpime tena baada ya mwezi. Mimi siwezi kuhukumu hilo kwa barua, na fundi wa makaro naye hawezi. Na kama kuna waya wa umeme wa kupashia maji unaopita kwenye ukuta huo, fundi wa umeme apite kabla ya plasta.

Kabla ya kubandika, sehemu ya dushi ipakwe mikono miwili, yaani matabaka mawili, ya simenti ya kuzuia maji, hadi mita 2 kwenda juu, na ishuke igeuke juu ya sakafu. Makaro peke yake hayazuii maji. Mianya iachwe milimita 3, na makaro yasipangwe kwa kupishana nusu kwa nusu kama matofali, kwa sababu karo refu mara nyingi limepinda kidogo katikati na nusu ndiyo inakutanisha mgongo na ncha. Yapangwe kwa mistari iliyonyooka.

Kuhusu fundi, msimfukuze. Mtu aliyeweka timazi mbele ya mwenye nyumba ni mtu wa kufanya naye kazi. Huenda mlikubaliana naye bei ya kubandika tu, na plasta haikuwemo. Basi alikuwa anatafuta njia ya kumaliza ndani ya pesa aliyopewa. Kaeni naye, mlipane plasta kama kazi nyingine, na mkubaliane jambo moja: karo la kwanza la kila asubuhi akishalisukuma, alibandue mbele yenu mtazame mgongo wake. Kole ikiwa imejaa kote, alirudishe aendelee. Ikiwa kuna mistari mitupu, aongeze kole au abadilishe mwiko wenye meno makubwa zaidi. Na leo, kabla duka halijamaliza mzigo huo, hesabuni makaro yaliyovunjika wakati wa kubandua, muongeze katoni moja yenye namba ile ile iliyopigwa ubavuni, maana weupe wa mzigo mmoja na mwingine haufanani.